Mbavu Tu

Wamemleta kwenye mkokoteni wa magunia,
wapakizi wenzake wanne, pumba za mahindi kwenye kope,
soko la Kibaigwa bado linanguruma nyuma yao.
Kaanguka kutoka kileleni mwa fuso,
na gunia la kilo mia likamfuata.
"Ni mbavu tu, dokta," anasema Malogo Chilewa,
akitabasamu nusu,
maana nusu ya pili ingehitaji pumzi.

Tu.
Neno jepesi kama pumba.
Nimeliona likizika watu.

Naipachika picha kwenye kioo cha dirisha
(sanduku la taa limeharibika tangu Pasaka)
na jua la saa nane linampenya Malogo.
Nahesabu kwa ncha ya kalamu, upande wa kushoto:
wa saba, wa nane, wa tisa,
zimelala kama mabua baada ya ng'ombe kupita.
Kisha juu kabisa, chini ya mtulinga,
ule ubavu wa kwanza, mfupi, mpana, uliojificha,
usiovunjwa na ngumi wala teke la punda:
una ufa.
Kalamu inasimama.

Nilikuwa na miaka tisa, Hogoro, kiangazi.
Niliamka nikakuta ugo wa zizi umebomolewa.
Nikakata miiba mipya, nikaisuka, nikaziba pengo,
viganja vikavuja damu, nikajiona hodari.
Mama akatoka na kibuyu cha maziwa,
akaitazama kazi yangu kwa muda,
akauliza:
"Mbuzi umehesabu?"

Sikuwa nimehesabu.

Mbavu zako zitaunga, Malogo.
Wiki sita, pengine nane, utacheka kwa tahadhari,
utapiga chafya umekumbatia mto.
Mimi nakitafuta kilichopita hapa,
chenye nguvu ya kupasua nguzo hii ya pembeni:
kilipoingia, kilikwenda wapi?

Kwa hiyo nahesabu mbuzi.
Pafu la kushoto: sauti iko mbali, kama redio ya jirani.
Mapigo ya mkono huu, mapigo ya mkono ule: sawa, kwa sasa.
Ini: kimya.
Wengu: nabonyeza taratibu,
naye anaacha kutabasamu,
anasema bega linamuuma,
bega la kushoto, ambalo hakuliangukia.
Presha mia na kumi.
Baada ya robo saa, tisini na sita.

Mwaka jana niliandika kwenye daftari la mtu:
*Mbavu tatu. Dawa ya maumivu. Apumzike nyumbani.*
Mkewe huniuzia nyanya kila Jumamosi,
huniongezea moja ya bure,
nami hushindwa kuikataa
na hushindwa kuila.

"Unakwenda Dodoma," nasema, "sasa hivi."
Anabisha. Malipo ni jioni.
Kuna alizeti haijapakiwa. Na hizi, dokta, si mbavu tu?
Wenzake hawambembelezi. Wanachanga mafuta ya gari:
elfu mbili, elfu, mia tano yenye vumbi,
wa mwisho anageuza mfuko nje, anatoa punje za mahindi,
anazirudisha.
Sechelela ananing'iniza dripu kwenye ndoano ya dirisha,
anakaa kichwani pake,
mlango unafungwa mara ya tatu.

Nabaki na mkokoteni,
umetazama sokoni kama unaomchelewa mtu.
Nampigia daktari wa zamu mjini, namsomea namba zangu.
"Mbavu ngapi?" anauliza.
"Nne. Na mmoja ni wa kwanza."
Ananyamaza. Nasikia kiti kikisukumwa.
"Tunaandaa chumba."

Watakuwa wamepita Mbande. Watakuwa Chalinze.
Saa kumi kasoro, simu inalia: Buigiri.
"Themanini na nane," anasema Sechelela,
"lakini anaongea."
Anaongea nini?
"Anahesabu matuta."